Sura Haikopeshwi

Nilipokuwa mtoto tulikuwa wawili, na mtaa mzima wa Mangobo ulituita kwa jina moja: Mapasa, yaani mapacha. Hakuna aliyejisumbua kuuliza yupi Béa na yupi Odile. Ukimtuma mmoja kununua chumvi, anarudi mwingine na chumvi yako, na wewe huna habari. Mama alipotuzaa alipoteza jina lake. Akawa Mama Mapasa, na baba akawa Papa Mapasa, na kwetu Kisangani cheo hicho hakivuliwi hata mapasa wenyewe wakifa.

Kitu kimoja tu kilitutenganisha, nacho ni kovu. Papa alikuwa mvuvi wa pale kwenye maporomoko, mmoja wa wale wanaotundika vikapu vikubwa juu ya miti iliyosimikwa katikati ya maji yanayokimbia. Siku moja tulikuwa tunacheza chini ya vikapu vilivyoanikwa, kimoja kikateleza, na ufito wake ukanipasua juu ya nyusi ya kushoto. Béa alilia kuliko mimi niliyetoka damu. Koko, mama yake Papa, alinipaka majivu huku akicheka.

"Sasa tunajua nani ni nani," alisema. "Kovu hii ni jina yako, Odile. Usiichukie."

Nililichukia, bila shaka. Mtoto wa kike anataka uso laini kama wa dada yake. Sikujua kwamba siku moja ningelitafuta kovu hilo kwa kidole kila asubuhi, kabla hata ya kufungua macho, ili nijue kama bado nipo.

Tulikuwa darasa la tatu homa ilipomchukua Béa. Ilimchukua haraka, kama mtu anayenyakua kitu sokoni na kukimbia. Mama alikuwa Ubundu kutafuta mchele na mafuta ya mawese vya kuja kuuza, na barabara ya Ubundu kila mtu anajua ilivyo mbovu. Habari zilimfikia zikiwa zimechelewa. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa umekatika, kama kawaida yake, na chumba cha maiti bila umeme ni chumba tu. Jua lilikuwa kali. Papa alisubiri mpaka hakuweza kusubiri tena, ndipo akakubali tumzike.

Kabla ya maziko Koko aliingia nyuma ya nyumba na panga. Alikata mgomba, akanisimamisha kando ya shina lake, akalipunguza mpaka likawa sawa na mimi, utosi kwa utosi. Akalivika gauni langu la Jumapili. Kisha akalilaza ndani ya sanduku, ubavuni mwa dada yangu, akaongea na Béa kama mtu anayempa mtoto maagizo ya safari.

"Huyu ndiye mwenzako wa njia. Enda naye. Yule mwingine umuache, bado iko na kazi hapa."

Akanigeukia. "Weye usilie. Batu habaliliake mapasa. Ukimulilia atasikia unamuita."

Sikulia. Nilimeza kilio hicho, na nadhani bado kimo tumboni.

Mama alifika maziko yakiwa yamekwisha. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, matanga bado mabichi, naye akaingia akiwa ameketi nyuma ya toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, na vumbi la njia yote likiwa juu yake. Hakupiga yowe. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia kitu alichokiacha mezani:

"Iko wapi?"

Papa akasema, "Tulimuzika, Mama Mapasa. Jua ilikuwa inatushinda."

"Mulimuzika bila mimi kumuona sura?"

Mama akazunguka nyumba akitafuta picha. Picha hazikuwepo. Chache tulizokuwa nazo ziliungua pamoja na nyumba yetu ya kwanza, wakati majeshi ya wageni yalipokuja kupigana ndani ya mji wetu kama vile hawana mji kwao. Akarudi uani akaniona mimi, nimekaa kando ya Koko. Akanishika mashavu kwa mikono miwili. Sijawahi kutazamwa vile, kabla wala baada. Kisha kidole gumba chake kikapanda mpaka juu ya nyusi yangu ya kushoto, kikalifunika kovu.

"Pascal anaweza kumuchora," akasema. "Béa iko hapa."

Tonton Pascal alikuwa mdogo wake Papa. Yeye ndiye aliyechora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi, na kuku na chupa za bia kwenye kuta za baa. Akitaka kumchora mtu kwa heshima, alishona gunia la unga wa ngano, akalipaka rangi nyeupe mpaka likawa gumu, akachora juu yake. Mama aliponipeleka kwake, Koko alitufuata kwa miguu, na alikuwa mwanamke asiyependa kutembea.

"Pascal," alisema mlangoni, bila salamu. "Unataka kuchora mwenye alikufa kwa sura ya mwenye iko muzima?"

"Mama, ni picha tu. Semeki anataka kuona mutoto wake." Ndivyo alivyomwita Mama: semeki, shemeji.

"Sura habakopeshake. Nguo, ndiyo. Sufuria, ndiyo. Sura, hapana. Utamurudishia Odile namna gani?"

Mama alikuwa wa kanisa la maombi, na mambo ya Koko aliyahesabu yote kuwa giza. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Alisema akiangalia chini:

"Bokilo, kwa heshima yote. Mulifanya mambo yenu ya mugomba bila mimi. Munipe hii moja."

"Mugomba ilikuwa ya kubatenganisha," Koko alisema. "Weye unataka kubafunga tena. Huyu wa chini ya udongo hana sura tena. Ukimupa ya huyu, ataikamata na atakaa nayo."

"Basi akae nayo," Mama akasema.

Wanawake wawili wakatazamana juu ya kichwa changu. Mimi nilikuwa ninafikiria biskuti ambayo Tonton aliniahidi nikikaa bila kutikisika. Ndivyo watoto walivyo. Wanakaa katikati ya jambo kubwa na kuwaza biskuti.

Mama akanivua gauni langu akanivika la Béa. Nikaketishwa kwenye kiti cha kinyozi kilichovunjika mkono. Tonton alichora akipiga mluzi mdogo, kisha mluzi ukafa. Bado ninakumbuka harufu ya rangi na petroli, na kelele za pikipiki nje, na jinsi Tonton alivyokuwa akinitazama bila kuniona mimi. Sasa kwa kuwa kazi hiyo ndiyo yangu, ninajua kutazama kule. Unaangalia shavu, unaangalia kivuli cha pua, mtu mwenyewe amekwenda zake. Lakini mtu mzima anajua atarudi. Mtoto hajui.

Alipofika kwenye nyusi akasimamisha burashi.

"Kovu, niitie?"

"Béa hakukuwa na kovu," Mama alisema.

"Itie," Koko alisema kutoka mlangoni. "Kidogo tu. Tuwe na alama ya nani ni mwenye kitu."

Tonton alimwangalia mama yake, akamwangalia mke wa kaka yake, macho mekundu, mchanga wa Ubundu bado kwenye kitambaa chake cha kichwa. Akapaka nyusi laini.

Picha ilikuwa nzuri. Mimi si mtu wa kuzungusha maneno: nimeona picha nyingi tangu hapo, za watu waliosoma shule kubwa za sanaa, na chache zinaifikia. Siku ya kufunga matanga iliwekwa juu ya meza, na watu walikuja kumwona Béa akiwashangaa kutoka kwenye gunia la unga. Mvuvi mmoja rafiki ya Papa akanitania, "Odile, leo umekaa mezani na umekaa kwenye mukeka. Utakula sahani mbili?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matanga, kile kinachokatika kabla hakijaanza. Mama hakucheka. Mama alikuwa amepata alichokuwa anakitafuta.

Baada ya hapo alianza kuacha kunitazama. Si kwa ukatili, na ninataka jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu watu wakisikia hadithi hii wanamtukana mama yangu na mimi ninawafukuza. Alinipikia, alinifulia, alinilipia shule. Lakini alipoongea nami aliongea na mlango, au na sufuria. Nikisimama mbele yake macho yake yanapanda mpaka kwenye kovu, yanagonga hapo, yanarudi. Kisha anakwenda kwenye picha, anaifuta vumbi, anaisalimia. Asubuhi aliiambia bei za soko. Jioni aliiwekea lituma kidogo, ndizi za kuponda, kwenye kisahani, yeye aliyeyaita mambo ya Koko giza.

Siku moja nilijaribu. Nilichukua kipande cha kitambaa nikajifunga kichwani mpaka kwenye macho, kovu lisionekane, nikaenda jikoni kumsaidia. Alipogeuka uso wake ulifunguka wote, kama dirisha. Kisha akaona ni mimi.

"Vua hiyo," akasema. "Usinifanyie vile tena."

Mvua kubwa zilipoanza homa ikanishika na mimi. Muuguzi wa kituo cha afya alinipa kinini, homa ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda. Nilikuwa nalala sebuleni chini ya picha, kwa sababu hapo ndipo paa halikuvuja. Nikifungua macho ninamwona Béa akiwa mzima, mashavu yamejaa, na mimi mashavu yangu yanaingia ndani. Nilimuuliza Papa kama mimi ndiye niliyekufa. Papa akatoka nje. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake.

Koko alikuja mchana, na Tonton Pascal nyuma yake ameshika kopo dogo la rangi ya kahawia na burashi nyembamba.

"Mama Mapasa," Koko alisema, "sikuje kupigana. Pascal atatia kovu, hapa tu. Picha ikuwe ya Odile. Béa aende zake. Amechoka kusimama kwa ukuta."

Mama akasimama kati yao na picha. "Mukitia kovu, Béa atakuwa wapi?"

"Kwenye bamemuzika."

"Mimi sikumuzika. Ni nyinyi."

Tonton akajaribu: "Semeki, ni rangi tu. Mutoto akipona, nitafuta na petroli, itatoka."

Mama akaniangalia pale chini kwenye mkeka. Ndiyo, siku ile aliniangalia. Akamwangalia yule wa ukutani. Alikuwa analia bila sauti.

"Odile iko na batu," akasema. "Iko na Papa yake, iko na weye Bokilo. Béa iko na mimi tu."

Nimekaa na maneno hayo maisha yangu yote, na hasira zangu zote zilianzia hapo, watu wanaonijua wanajua ni nyingi. Lakini hata siku ile, na homa kichwani, nilisikia kwamba hakusema uongo.

Koko alikunja mdomo. Akafungua kitenge chake cha pili, akanifunga mgongoni, mtoto wa darasa la tatu na miguu inayoning'inia, akatoka nami. Tonton alibaki ameshika kopo lake.

Nilipona kwa Koko, kando ya maporomoko, ambako kelele za maji hazikuachi uwaze sana. Kinini kilinisaidia, majani yake yalinisaidia, au labda kilichonisaidia ni kwamba kila asubuhi mwanamke yule alinishika kidevu, akatafuta kovu, akasema, "Ni weye." Sikurudi tena nyumbani kulala. Papa alipita kila siku akienda kwenye vikapu vyake. Mama alikuja Krismasi na Pasaka, akaniletea viatu, akasalimia mlango.

Kuchora nilijifundisha mwenyewe, kwa makopo ambayo Tonton alikuwa anayatupa. Shule ya sanaa sikuiona hata geti lake. Leo nina kibanda changu Mangobo na watu wanakuja. Ninachora wazee, ninachora walioolewa, ninachora wafu kama kuna picha yao hata ndogo kwenye simu. Asiye na picha ya maiti wake akiniletea ndugu wa kukaa badala yake, ninamfukuza, na nimepoteza wateja wengi kwa hilo. Wananiita mchawi. Kila uso niliouchora una makovu yake na chale zake na jino lake lililopotea. Bwana mmoja alitaka nimpunguzie kidevu. Nilimpa gunia lake jeupe akajipunguzie mwenyewe.

Aliwahi kuja mgeni kutoka Kinshasa, na miwani mizuri, akasema kwamba picha zangu zinatafuta nafsi ya Mwafrika na roho ya mababu. Alisema vizuri, na labda ni kweli, lakini nilikasirika. Nilimwambia kwamba Koko wangu hakuwa na maneno hayo. Alikuwa na panga na mgomba, na akajua kwamba mtu anaweza kuibiwa uso wake na watu wanaompenda, mchana kweupe, yeye akisubiri biskuti.

Koko alikufa, Papa akamfuata. Mama akazeeka peke yake na Béa wake ukutani. Kisha macho yakaanza kumfunga, moja halafu la pili, mpaka picha ikawa haina faida tena kwake. Majirani wakanitumia habari, nikaenda. Nani mwingine angekwenda? Nilimpikia, nilimwogesha. Aliongea nami kama mtu anavyoongea na muuguzi.

Asubuhi moja nilikuwa ninamnawisha uso, na yeye akainua mkono wake wenye maji akagusa uso wangu. Nikaacha kila kitu. Vidole vyake vilipita kwenye mashavu yangu, ambayo si ya mtoto tena, vikapita kwenye mikunjo ya mdomo, vikapanda polepole. Vikafika kwenye kovu. Nilingoja vigonge hapo na kurudi, kama macho yake zamani. Havikurudi. Vilikaa.

"Uso huu umezeeka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa wapi muda huu wote?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nimeyaandaa miaka na miaka, nimeyanoa kama Koko alivyonoa panga lake, na mimi ni mtu wa kusema ukweli usoni. Niliufungua mdomo. Kilichotoka ni hiki:

"Kwa Koko, mama. Hapa karibu."

"Ah," akasema. "Karibu."

Aliniacha nimalize kumnawisha. Siku zilizobaki aliniita kwa jina langu, kila mara akitaka maji au akitaka kugeuzwa, na mara nyingine nadhani hakutaka maji.

Mara nyingi ninajiuliza Koko alijua nini. Watu wa kanisa wanataka niseme ulikuwa ushirikina, na wale wa miwani wanataka niseme ilikuwa hekima, na mimi sitawafurahisha wala hawa wala wale. Ninajua tu kwamba alisema uso wangu utakamatwa na utakaa huko, na ulikaa, mpaka aliyeukamata akawa kipofu.

Tulipomzika Mama niliiteremsha picha ukutani. Mahali pake pakabaki mraba safi. Mchungaji alinong'ona kwamba picha haiingii kaburini, mambo hayo ni ya kishenzi, nami nikamjibu neno moja ambalo sitaliandika hapa. Tonton Pascal alikuwepo, mzee sasa. Aliitazama kazi yake muda mrefu. Kisha akatoa mfukoni burashi nyembamba na kopo dogo.

"Nitie sasa?"

"Hapana, Tonton. Kovu ni yangu."

Nikamlaza Béa kifuani kwa mama yake, uso kwa uso, vile alivyotaka tangu siku ile alipofika kwenye toleka akakuta tumeshamaliza. Gauni lilikuwa la Béa. Nyusi zilikuwa za Béa. Sikuona tena kitu changu pale ndani.

Tulipokuwa tunatoka makaburini bibi mmoja wa mtaa wetu wa zamani alinishika mkono. Alikuwa amezeeka sana na hakuwa ameniona tangu utoto wangu. Alinikodolea macho, akatabasamu, akasema:

"Weye ni mutoto ya Mama Mapasa. Lakini weye ni nani kati yao?"

"Mimi ni yule mwenye kovu," nikamwambia, nikainama ili alione.